Mjomba Aliandika Miaka Kumi na Tisa

Mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, ndiye aliyenipeleka kiwanda cha mikate. Alikuwa msimamizi pale. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na tulikubaliana nyumbani, mbele ya mama, kwamba nitatia mikate kwenye mifuko tu. Mashine sigusi.

Wiki ya tatu mkandaji wa unga akaugua. Mjomba akanishika bega.

"Wewe una mkono mwepesi kuliko hawa magoigoi. Njoo ukande."

Nikavimba kichwa. Kumbe navishwa kilemba cha ukoka.

Mashine yenyewe ilikuwa pipa la chuma, ndani yake ndoano kubwa inazunguka. Ilitakiwa kuwa na mfuniko wa wavu. Ukiuinua, mashine inazima yenyewe. Mfuniko ulikuwa umeegemezwa ukutani, nyaya zimeunganishwa ili ndoano izunguke hivyo hivyo.

"Mjomba, mbona haina mfuniko?"

"Unatuchelewesha huo. Usiogope, mimi nipo."

Siku ya nne, nikikwangua unga ulioganda ukingoni, ndoano ikanasa mkono wa sweta yangu. Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka sauti yangu, kama ya mtu mwingine. Mjomba ndiye aliyezima umeme, akanibeba mgongoni mpaka barabarani huku analia. Nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Hospitali alikuja kila jioni, akinimenyea machungwa. Nilimpenda kuliko zamani.

Kisha akaja mkaguzi wa kazi, mwanamke wa makamo mwenye faili. Akanisomea taarifa ya ajali: mfanyakazi ana miaka kumi na tisa, alionywa, aliondoa mfuniko mwenyewe kwa ukaidi.

"Nani kaandika?"

Akanigeuzia karatasi. Mwandiko niliujua. Ndio ulioandika jina langu kwenye madaftari ya darasa la kwanza.

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakushtuka.

"Mama, ulijua?"

"Atafukuzwa, mwanangu. Ana watoto watano. Na vidole havirudi."

"Na mimi ni mtoto wa nani?"

Akainama kunyoosha shuka langu.

Basi nikamweleza mkaguzi yote: umri, nyaya, nani alinipeleka pale. Kalamu ilinishinda kushika, nikaweka dole gumba la kushoto.

Kiwanda kilifungwa siku kumi, mfuniko ukarudishwa, na wenzangu wawili wa umri wangu wakaondolewa kwenye tanuri. Mjomba alishushwa cheo. Siku hizi anapakia magari. Nyumbani anakuja kama kawaida. Mimi humwamkia, maana sikulelewa kukosa adabu, kisha natoka nje.

Jumapili iliyopita alinifuata mlangoni.

"Nisamehe, mjomba. Niliogopa."

Nikamwambia bado sijaweza. Akarudi ndani kwa dada yake. Nikawasikia wanazungumza habari za mvua.