Madirisha ya Ukumbi wa Kwanza

Jasho lilidondokea kola nyeupe, na mshona kola akajua shati hilo litakatwa kwenye ujira wake. Madirisha ya ukumbi huo wa kiwanda cha mashati yalikuwa yamepigiliwa misumari ili vumbi la barabarani lisiingie. Jana yake mshona vifungo mjamzito alizimia juu ya cherehani, akabebwa nje kama gunia, na kiti chake kikapata mtu kabla hakijapoa.

Washona kola walikuwa watatu tu. Chooni walikubaliana: kola zisipotoka, shati halifiki kwa anayeshona mikono, wala kwa anayeshona vifungo. Ukumbi mzima utasimama. Asubuhi hiyo wakazima cherehani, wakatulia.

Jambo moja hawakulifikiria. Wao walilipwa kwa siku. Washona mikono walilipwa kwa kila shati. Msimamizi hajainuka bado, wenzao walishawajia juu.

“Nyinyi siku yenu inahesabiwa,” wifi yake mshona kola yule, aliyeshona mikono, alimwambia mbele za watu. “Sisi tule hewa?”

“Hata hiyo hewa iko wapi?” mmoja akadakia, na wachache wakacheka.

Msimamizi alikuja taratibu. Hakugomba. Aliuliza tu nani ameanza. Washona kola wenzake wawili wakainama, cherehani zao zikaanza kunguruma. Yeye akasema anaomba madirisha yafunguliwe.

“Basi nenda kakae nje, mama. Huko upepo ni wa bure.”

Mwezi haukuisha, ukumbi wa pili ukagoma, kisha wa tatu, na safari hii kola, mikono na vifungo waligoma pamoja. Misumari ikang'olewa kila mahali. Habari hizo aliletewa na wifi yake, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akinunua unga wa nyumba yao. Alisimulia vigelegele vilivyopigwa upepo ulipoingia.

Mshona kola akauliza kama kuna aliyemtaja.

Wifi akasema hakuna. Msimamizi alikuwa amesema aliyefukuzwa harudi, na watu wakaona wasije wakaharibu walichokipata.

“Usinichukie, wifi. Nimepewa kiti chako, pale dirishani. Lakini ncha ya kola inanishinda, inajikunja. Kesho wanaipima kazi yangu.”

Mshona kola alinawa, akajifuta mikono kwa makini, akachukua kitambaa na kukigeuza ndani nje. Kisha akamshika wifi yake kidole, akamwonyesha mahali pa kusukuma.

“Polepole,” alisema. “Usiivute.”

Ncha ikatoka imenyooka.