Amani ya Saa za Shule

"Usinipandishie sauti, Tasriq! Majirani wanasikia!"

"Wasikie! Si wameshasikia? Luqmaan kanisimamisha asubuhi pale kona, Anti, mbele ya kina mama wote. Anacheka. 'Mshkaji, herufi zako bado zina mikia kama panya.' Kazionea wapi herufi zangu siku hizi?"

Anti Faldiela aligeuza kababu za samaki kwenye kikaango. Kizibao chake cha rangi ya chungwa alikuwa ameshakivaa, maana saa saba ilikuwa imepita na saa nane watoto wanatoka shule. Na watoto wa mtaa wa Heron Court hawaendi shule peke yao. Wakubwa wenye vizibao wanawasindikiza asubuhi na mchana, kwa sababu njia inakatiza kwenye mpaka wa magenge mawili, na risasi haiulizi mtu yuko darasa la ngapi.

Luqmaan huyo walikaa naye dawati moja miaka miwili. Miaka miwili mizima Tasriq anaandika, Luqmaan ananakili. Kisha Tasriq akaendelea na shule, Luqmaan akaenda kwa Yaasier, bosi wa genge la Vijana wa Kona.

"Nijibu, Anti. Ulimpa nani karatasi yangu?"

"Nani kakwambia nimempa mtu?"

"Uliapa hakuna atakayeiona ila mpelelezi! Kanisani, na hijabu yako, mkono juu ya jeneza la Anti Merle!"

Hapo alimgusa penyewe. Merle alikuwa msindikizaji kama yeye. Wiki tatu nyuma alipigwa risasi pale kwenye kivuko cha barabara, kashika watoto wawili, huku na huku. Watoto wakapona. Yeye akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Mtaa mzima ulikuwepo, na polisi walipouliza, mtaa mzima ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu.

Ndipo Anti Faldiela akaweka kopo la biskuti kwenye duka la mtaani. Andikeni mlichoona, akasema, msiweke majina, nitampelekea mpelelezi kwa mkono wangu huu. Zikaja karatasi kumi na tisa. Nyingi zilisema Mungu anaona. Moja iliomba taa ya barabarani. Ya Tasriq peke yake ndiyo iliyokuwa na majina mawili, rangi ya gari na saa.

Tangu Jumanne, kimya. Asubuhi na mchana hakuna hata mlio mmoja wa risasi. Watoto wameanza kuimba njiani! Watu wanamletea Anti masufuria ya biriani kumshukuru. Na Tasriq, mjinga wa watu, siku tatu hizo alikuwa anatembea kifua mbele, akidhani polisi wamewatia hofu wale jamaa.

"Yaasier aliniita," Anti akasema hatimaye, bado anatazama kikaango. "Alishajua kuna kopo. Akasema nimpe karatasi yenye majina, na yeye atanipa saa za shule. Asubuhi mpaka watoto wameingia darasani, mchana mpaka wamefika kwao. Na wale wa ng'ambo atasemezana nao yeye, hakuna wa upande wowote atakayetoa bunduki."

"Ukampa."

"Nilimpa Jumatatu usiku, ndiyo. Haikuwa na jina! Nilijuaje kama kwa Yaasier kuna mtu anayejua mwandiko wako?"

Tasriq akashika kichwa. Angalau hilo. Angalau Anti hakujua. Akaingia chumbani kuchukua koti.

Nyuma ya mlango wa chumba kulikuwa na begi lake. Limejaa, limefungwa zipu.

"Gari la kwenda Worcester linaondoka saa kumi," Anti akasema kutoka jikoni, sasa kwa sauti ya upole. "Mjomba wako Nazeem atakupokea huko. Nimepakia sasa hivi, uliposema habari za Luqmaan."

Tasriq akafungua zipu. Juu kabisa, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri, kulikuwa na shati lake la bluu.

Akatoka nalo mkononi.

"Hili nimelitafuta tangu Jumatatu, Anti. Uliniambia upepo umelichukua kambani."

Anti akazima jiko. Kababu moja ilikuwa imeungua upande mmoja.

"Ulijua," Tasriq akasema. "Kabla hujampa. Ulijua ataisoma nani, ukanipakia nguo kwanza."

"Ninyi wawili mlikuwa mnafanya kazi za shule kwenye meza hii hii. Ningeachaje kujua?" Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililomuuma Tasriq zaidi. "Wewe naweza kukupandisha gari. Watoto arobaini na watatu nitawapandisha gari gani?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Labda ningekubali! Sasa utajuaje? Umeniuza kama kuku, hata kuku huangaliwa usoni kwanza."

"Tasriq. Karatasi ilikuwa moja, na sasa haipo. Basi. Nenda Worcester."

"Karatasi haipo. Mimi nipo." Alitupa shati mezani. "Naenda kwa mzee Clive. Nitamwambia ni kina nani waliomuua Anti Merle, mke wake, kwa mdomo wangu, halafu twende naye kwa mpelelezi."

Anti akaja mbio, akamshika mkono wa koti.

"Watoto wanatoka saa nane! Ukifungua mdomo leo, kesho nitawapitisha wapi? Niambie basi, wewe mwenye akili!"

Tasriq akajichomoa.

"Mama yako, Mungu amrehemu, angenielewa," Anti akasema. "Dada yangu angenielewa."

"Mama yangu angeniuliza."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia.