Wimbo Uliomtoa Baba Nje

...na kama ni kucheka basi wacheke, meno ni yao, yeye Igihozo alikwisha kujua tangu siku ile studio, kule Ndosho, ngoma zilipoingia nyuma ya gitaa na mwili ukamsisimka wote, kwamba albamu hii ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, nzuri kwa mbali, na mtu akijua chakula chake kimeiva hamwiti jirani aje kuonja, aii, Léocadie anavuta, huyu dada akisuka utadhani anang'oa viazi, kichwa chote cha Igihozo kimebanwa katikati ya magoti yake, upande wa kushoto umekwisha na wa kulia bado ni kichaka, hawezi kugeuka, hawezi kuifikia simu iliyo chini ya kioo ikiwaka na kuzimika, na hana haja ya kuisoma, ni Bienvenu, mpiga gitaa wao, anangoja jibu tangu juzi, ule wimbo wa saba ubaki au utoke, konseri ni Jumapili, neno moja tu, na yeye ambaye hakosi neno hata kwa yasiyomhusu, kwa hili hana... na redio nayo iko juu ya rafu, karibu na makopo ya mafuta, na ndani yake Laurent, mtangazaji anayejiita daktari wa muziki, anaipasua albamu yao tangu Igihozo alipokaa, anasema kundi la Vumbi Jeusi walikuwa watu wa furaha, watu wa harusi, sasa wamenunua gitaa za makelele na wanataka tukae tufikiri, nani amewaambia Goma tuna nafasi ya kufikiri, na mwenzake studioni anacheka, na Léocadie hapa juu anacheka pia, halafu anakumbuka anamsuka nani, anasema pole, dada, lakini mimi pia napenda ile ya zamani, ile *Vaa Kiatu*.

*Vaa Kiatu*, kila mtu na *Vaa Kiatu* yake, waliitunga kwa mchana mmoja wakicheka, ikawabeba kwenye harusi zote kuanzia hapa hadi Rutshuru, hata maharusi wasiojua kucheza waliicheza, na Igihozo hajuti, wimbo ule ulimnunulia mama yake jiko, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wao walisifiwa mpaka masikio yakawauma, na bado maji hawakutia, walikaa mwaka mzima na nyimbo zilizokuwa zinawauma tumboni, walipogombana waligombana, Bienvenu alitupa gitaa lake chini na kesho yake akarudi kuliomba msamaha, gitaa, si watu, na kilichotoka ni hiki, *Kurudi*, na vijana wa karakana kule Ndosho wanakipiga wakichomelea milango, aliwasikia mwenyewe, hawakumwona, wanaimba wimbo wa pili wote bila kukosea, kwa hiyo Laurent na aseme, debe tupu haliachi kuvuma, Laurent hamuumizi... anayemuumiza ni baba.

Ndiyo, baba, na hapo ujasiri wake wote unapata tundu, kwa sababu wimbo wa saba, *Jioni*, unaanza na sauti ya Muzee Habiyaremye mwenyewe, peke yake, bila ala, akiita ng'ombe kama alivyokuwa akiwaita kule milima ya Masisi kabla ya mambo kuharibika, kabla ya wao kushuka Goma na magodoro na mbuzi mmoja bila ng'ombe hata mmoja, na miezi mingi Igihozo alimbembeleza, baba, mara moja tu, na baba akawa anamjibu lile lile, "Mutu hawezi kuita ngombe zenye haziko," mpaka jioni moja, bila kuombwa, akavua kofia akasema, "Kamata telefone yako," akaita pale uani, akiyaelekea mawe meusi na ukuta wa jirani... halafu albamu ikatoka, wakakaa sebuleni wote, mama Eugénie kapika, baba kavaa koti, wimbo wa kwanza anatikisa mguu, wa tatu anauliza huyo anayepiga ngoma ni mtoto wa nani, wa saba ukaanza, sauti yake ikatoka kwenye spika, na baba akasimama akatoka nje, hakurudi mpaka albamu ikaisha, akala, akalala, hajautaja wimbo ule tangu siku hiyo, na muzee huwezi kumuuliza jambo kama hilo, utaanzia wapi, kitu pekee kilichosemwa asubuhi yake ni mama kugomba kwamba geti lilikuwa wazi hadi kulipokucha, mwizi angeingia tungesema nini, na baba akanywa chai yake... basi yeye Igihozo amemwaibisha baba, ameichukua sauti ya mzee aliyenyang'anywa kila kitu akaipeleka kwa Laurent aicheke, na kama mwenye sauti ameona haya, yeye ana haki gani ya kuipiga Jumapili mbele ya ukumbi mzima, Bienvenu huenda hakuuliza bure, mwandalizi wa konseri huenda hakosei kuutaka utoke, utoke tu, nyimbo nyingine zipo.

"Sikilizeni basi," anasema Laurent, "Vumbi Jeusi wanatuletea ngombe ndani ya studio," na kabla Igihozo hajasema zima, dada, zima, sauti ya baba inaingia saluni, ndefu, inapanda, inashuka, inawataja ng'ombe kwa majina, Bihogo, Gaju, na Igihozo anafumba macho asione watu wakicheka, na anangoja, na kicheko hakiji... anafumbua, kiooni anamwona yule mama anayengoja zamu yake, Mama Mukamugema, muuza fromaji, ile jibini ya Masisi, amekuwa akisinzia na kikapu miguuni tangu Igihozo alipokaa, sasa amesimama, kikapu amekiacha, amefika mlangoni, amevuta rido, lile pazia la mlango, akaifungua yote, mwanga umejaa ndani, na yeye mwenyewe amejibana ukutani kando ya mlango, mkono bado umeshika rido, kama mtu anayepisha.

"Mama, unaenda? Zamu yako iko karibu," anasema Léocadie.

"Hapana," anasema yule mama, na anatazama mkono wake kwa mshangao. "Sijue kwa nini nimesimama."

Na Igihozo anajua, anajua kabla yule mama hajamaliza, kwa sababu amerudi kilimani, ana miaka mitano au sita, moshi wa zizi, sauti inatoka chini bondeni na mama Eugénie anatupa ufagio, kila aliye nyumbani akisikia mwito ule anaacha alichoshika, anakimbia, anaondoa miti ya mlango wa zizi mmoja mmoja, anajibana kando, kwa sababu ng'ombe wanakuja na hawafiki nyumbani wakakuta pamefungwa, hiyo ni aibu, hiyo ndiyo aibu... na mwitaji siku zote alikuwa baba, baba hakuwahi kuwa yeye anayefungua, mpaka jioni ile, sauti ikiwa kwenye spika na yeye akiwa nyumbani, basi akasimama kama inavyopasa, akatoka, akaenda getini, bati la geti la Ndosho, akalifungua, akakaa kando, na hakulifunga usiku kucha, eh baba, na mimi nikadhani umekimbia, Igihozo anataka kucheka na machozi yanamtoka, na Léocadie anauliza kama anavuta sana.

Hapana, huvuti. Laurent amerudi hewani na mzaha mwingine, simu inawaka tena chini ya kioo, na Igihozo, ambaye sasa ana neno, anajua kwamba *Jioni* haubaki namba saba, unafungua konseri, taa zikiwa zimewashwa na milango ya ukumbi wazi, na baba atawekewa kiti pembeni, karibu na mlango, ili akisimama asimkanyage mtu... yule mama ameona haya, anaanza kurudisha rido.

"Mama, acha wazi," anasema Igihozo.

"Usitingize kichwa," anasema Léocadie, na anachukua fungu lingine la nywele.