Siku Kumi na Moja Mfukoni

Usingizi unamkuta Dakta Elinami Mbwambo katikati ya sala. Ni saa nane mchana, wodi zimetulia, naye ameweka paji la uso juu ya meza ya chumba namba tatu, pembeni ya kompyuta, akimwombea kila mtu wa hospitali hii ya wilaya anayoiongoza. Hufanya hivyo kila mchana, huu mwaka wa tisa. Bwana, mbariki Sista Apolonia na goti lake. Bwana, wabariki watu wa maabara, na mlinzi wa getini, na mpishi aliyefiwa. Bwana, mbariki Dakta, anaanza, na hapo jina linamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Jina lenyewe ni Naelijwa Kiondo, daktari wa chumba namba nne, mwanamke wa miaka thelathini na mbili aliyekuja hapa kwa mafunzo ya vitendo, kisha akabaki. Foleni yake huanzia mlangoni kwake, hupita mbele ya mlango wa Elinami ulio wazi, hukata kona hadi dirisha la dawa. Na ndani ya mfuko wa koti jeupe la Elinami kuna fomu ya Naelijwa ya kuomba ruhusa ya kwenda kusomea ubingwa. Imekaa humo siku kumi na moja, ikisubiri saini na mhuri wake. Maombi yanafungwa leo saa kumi jioni. Kila Naelijwa akimuuliza, yeye humjibu kwa upole, naipitia, mdogo wangu, bado naipitia. Haipitii. Huigusa tu kwa vidole, akiwa anatembea, kama mtu anayehakikisha kwamba ufunguo bado upo. Bwana, mbariki Dakta, anasema tena, na tena, na sala inazunguka palepale kama gurudumu lililonasa kwenye tope, na meza inalainika chini ya paji lake, inakuwa kama maji, na Elinami anapita.

Upande wa pili ni korido, naye hashangai sana, kwa sababu korido anazijua, ameishi ndani yake miaka ishirini na mitatu. Hii ina sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, ina mabenchi pande zote mbili, na haina mwisho. Anatafuta chumba namba tatu, maana mhuri uko kule kwenye droo, na saa ya ukutani inaikaribia kumi. Hajui kama anautafuta mhuri ili augonge au ili aukalie. Lakini kila mlango umeandikwa nne. Anakata kushoto, korido inakata naye. Nne, nne, nne. Mabenchini wameketi wagonjwa mamia kwa mamia, na wote wanamngoja Naelijwa. Anawatambua kwa namna walivyokaa. Wanaomngoja yeye hukaa wakiitazama saa. Hawa wamekaa kama watu waliofika kwa shangazi yao, wanamegeana chungwa, wanabebeana watoto. Mmoja anamnong'oneza mwenzake, huyu wa namba tatu ni daktari, simkatai, ila anaitibu kompyuta. Wanacheka mpaka benchi linatikisika. Elinami anahisi joto likimpanda toka chini ya mbavu hadi masikioni, joto lilelile la kila siku, maana maneno hayo anayajua, na aliyeyasema kwanza ni mama yake mzazi.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mama yake alishuka kutoka milimani na presha yake, akapita mbele ya mlango wa mwanawe uliokuwa wazi na usio na foleni, akaenda kukaa mkiani mwa foleni ya chumba namba nne. Elinami alitoka, akamwinamia sikioni, akasema, mama, njoo kwangu, unaniaibisha. Mama akamjibu, tena si sikioni, wewe baba unaniuliza naumwa wapi huku unabonyeza, sijui unaongea na mimi au na hiyo televisheni yako. Yule binti ananitazama. Foleni yote iligeuka. Na Elinami angesema nini? Kwamba mkoa unataka kila mgonjwa aingizwe kwenye mfumo kabla hajatoka chumbani? Kwamba yeye alijifunza kubonyeza kwa vidole viwili, akiwa mtu mzima, ili takwimu zisichelewe? Naelijwa huwaingiza wake baada ya kazi, saa moja jioni, akitafuna mkate mkavu peke yake. Na kwa kosa hilo la kuchelewesha takwimu Elinami amekwisha kumwandikia barua ya onyo. Aliiandika vizuri sana barua ile. Aliisoma mara tatu kabla ya kuituma, na kila mara ilimpendeza zaidi.

Sasa mbele yake amesimama mtu mrefu mwenye gauni la kijani la chumba cha upasuaji na barakoa. Juu ya barakoa hakuna macho. Hakuna nyusi. Pako laini kama ganda la yai. Shikamoo daktari, anasema mtu huyo, na Elinami anaitikia marahaba, maana adabu ni adabu hata huku. Natafuta chumba namba tatu, anasema Elinami. Mtu yule anajibu, kitendawili. Elinami anasema, sina muda wa michezo, saa kumi inafika. Kitendawili, anarudia yule, na korido nzima inanyamaza, hata watoto. Haya, tega, anasema Elinami. Kila siku watu sitini hupita mbele yake, na jioni hajamwona hata mmoja. Elinami anafikiri. Ni kipofu, anasema. Wapi! Ni mlango. Wapi, daktari! Ni saa ya ukutani. Wagonjwa wanaguna, bibi mmoja anasema, jamani, na shule yote ile. Umeshindwa, anasema asiye na uso, nipe mji. Na Elinami, ambaye utotoni alikuwa bingwa wa vitendawili na alizoea kupewa miji, si kuitoa, anatafuta mji wa kumpa. Angeweza kutoa mji wowote. Lakini ulimi unamtangulia. Chukua mji wenye chuo cha mabingwa, anasema, ule anaotaka kwenda Naelijwa, uchukue wote, na barabara zake, asipate hata pa kuweka mguu. Akishasema anasikia utamu mdomoni, kisha uchungu nyuma ya utamu. Ahsante, anasema yule, nao ndio huu.

Na kweli wamefika, bila kutembea. Ni mji wa vioo. Kuta ni vioo, barabara ni vioo, maghorofa ya chuo yanasimama juu ya maghorofa mengine yanayoning'inia kichwa chini. Elinami ameutamani mji huu tangu ana miaka ishirini na tisa. Anasogelea ukuta ajione, aone kama koti limemkaa, na ndani ya kioo amesimama Naelijwa. Anainua mkono, Naelijwa anainua. Anakwenda kioo cha pili, Naelijwa. Cha tatu, Naelijwa, na nyuma yake wanafunzi wakimwita bingwa. Dimbwi la maji barabarani, Naelijwa anamtazama kutoka chini kwa yale macho yake ya kusikiliza. Mimi niko wapi, anapaza sauti, mji mzima niko wapi? Asiye na uso anasema, mji umenipa mimi, wewe umebaki na ulichoshika. Elinami anajitazama. Alichoshika ni mfuko wake.

Anakimbia. Barabara inamzungusha, inamrudisha, inamtupa mbele ya ofisi ndogo anayoijua, yenye pazia la kahawia na kalenda ya kanisa, na mezani ameketi Dakta Shemzigwa, mkuu wake wa kwanza, aliyezikwa zamani. Koti lake jeupe limetuna mifuko yote miwili, karatasi zimechomoza kama majani kwenye godoro bovu. Elinami anapiga magoti bila kujua kwa nini, na anapofungua kinywa sauti inayotoka ni ya kijana wa miaka ishirini na tisa. Shikamoo mzee, nimekuja kuulizia ile fomu yangu. Naipitia, mdogo wangu, anasema Dakta Shemzigwa kwa upole, bado naipitia. Mzee, leo ndiyo mwisho. Naipitia. Elinami anatia mkono mifukoni mwa mzee, anazichomoa karatasi, zimekuwa za njano, zimekuwa na harufu ya naftalini, na ya chini kabisa ina jina lake kwa mwandiko wake mzuri wa ujana. Uliniambia ilipotea, anasema. Uliniambia ilipotelea mkoani! Dakta Shemzigwa haoni haya, ila amechoka, anajikuna kidevu. Ungeondoka, nani angebaki na wagonjwa? Hayo ndiyo niliyoyasema, na yalikuwa kweli pia, daktari hatukuwa naye mwingine. Lakini kusema ukweli, bwana mdogo, wodi ya akina mama ilikuwa inacheka ukiingia wewe. Nikiingia mimi inanyamaza. Anaitazama mifuko yake. Nilidhani zikikaa humu zitapungua uzito, anasema. Haya, nisaidie kusimama. Elinami anamshika mkono amwinue na hawezi. Mzee ni mzito kama kabati.

Pazia la kahawia linafunguka, na nyuma yake si dirisha, ni chumba namba tatu, hatimaye, chumba chake, na kompyuta yake, na mhuri juu ya meza. Kwenye kiti cha mgonjwa ameketi mwanamke mzee mwenye kanga mbili, na uso wake ni ganda la yai. Naelijwa amesimama pembeni yake, si kwenye kioo, yeye mwenyewe, na mkate mkavu mkononi. Shikamoo daktari, anasema. Nimekuletea mgonjwa. Unamjua? Nitakosaje kumjua, anasema Elinami, na hasira ya mwaka mzima iko ndani ya jibu hilo, nani amekufundisha wewe kuniuliza mimi swali kama hilo? Basi mtaje, anasema Naelijwa. Elinami haangalii hata. Anabonyeza, vidole viwili, haraka, fahari yake. Namba sifuri arobaini na moja kumi na saba, anasoma. Mwanamke, miaka sabini na minne. Presha. Vidonge viwili, asubuhi na jioni. Hudhurio la mwisho mwezi wa pili, chumba namba nne. Hakuna mzio. Anajisikia ameshinda. Jina, daktari, anasema Naelijwa taratibu. Anabonyeza, kioo cha kompyuta kimeganda. Anabonyeza tena. Subiri, mfumo uko chini, anasema, na jasho linamtoka, subiri mtandao urudi. Na yule mwanamke mzee, ambaye hana mdomo, anasema kwa sauti iliyokuwa ikimwimbia akiugua surua, Elinami baba, mimi pia mpaka mtandao urudi?

Mlangoni amesimama asiye na uso. Nilikaa kwenye mji wako, anasema, wakanipokea vizuri, wakanipa maji ya kuoga na wali, na jibu la kitendawili ni daktari wa chumba namba tatu. Elinami analia sasa, anaichomoa fomu, anaitia saini, anagonga mhuri mpaka meza inalia, anasema ichukueni, ichukueni, na kwa mlio huo anaamka, kichwa kiko mezani, na Sista Apolonia amesimama mbele yake akisema, ahsante daktari, Mungu akubariki, naipeleka masijala. Anashusha pumzi. Anainua macho amshukuru sista kwa kumwamsha, na juu ya barakoa ya sista hakuna kitu.

Kwa hiyo anaamka tena. Kompyuta inaunguruma. Mate yamelowesha kalenda ya mezani. Saa ya ukutani inasema saa tisa na dakika arobaini, na nje foleni ya chumba namba nne inapiga soga. Anatia mkono mfukoni. Fomu ipo, imekunjwa mara nne kama ilivyokuwa, mahali pa saini peupe. Lakini kidole chake cha shahada kina wino wa mhuri, wa zambarau, mbichi, na hakumbuki kama asubuhi aligonga vyeti vya vifo au hakugonga.

Anaitandaza fomu mezani. Anauliza moyo wake kama wivu umekwisha, na moyo, ambao haujawahi kumdanganya akiwa peke yake, unamjibu haujakwisha. Umekaa palepale chini ya mbavu, unapumua. Anamwona Naelijwa akirudi na jina la bingwa, anaona foleni itakayofika hadi getini, na inamuuma kama jino. Na ni kweli pia kwamba akiondoka yeye, zamu zote za usiku zitakuwa za Elinami, naye anaona maneno ya kukataa ambayo angeweza kuandika kwenye ile nafasi ya maoni ya mkuu wa hospitali, maneno mazuri, ambayo mtu hawezi kuyapinga. Anashika kalamu. Kama huku nako ni ndotoni, anafikiri, basi nitasaini ndotoni. Kama ni kweli, nitasaini kweli. Sitasubiri nijue. Kwenye nafasi ya maoni anaandika neno moja, aende. Anasaini. Anagonga mhuri mara moja, polepole, na kabla ya kumwita sista anainamisha kichwa kuimalizia sala aliyoiacha. Bwana, mbariki Dakta Naelijwa Kiondo. Jina linatoka. Linamkwaruza likitoka, lakini linatoka.

Sista, anaita, na mkono wenye glavu unapita mlangoni, unaipokea fomu, na viatu vinakwenda mbio kuelekea masijala. Elinami hakumtazama. Hakuthubutu. Anausukuma ubao wa kubonyezea wa kompyuta hadi ukingoni mwa meza, anaweka mikono yote miwili mapajani, mikono isiyojua ikae vipi. Aliyeko nje aingie, anasema.

Kiti cha mgonjwa kinalia kikikaliwa. Anaona miguu ya mtu mzima, kandambili zenye vumbi jekundu la milimani, upindo wa kanga. Shikamoo daktari, inasema sauti, nimeona kwako hakuna watu nikasema niingie hapahapa. Marahaba, mama, anasema Elinami. Saa inagonga kumi. Na kama mtu anayefunua bandeji asiyojua chini yake kuna nini, taratibu, kuanzia kwenye kandambili, kwenye kanga, kwenye mikono iliyoshikana, anaanza kuinua macho.