Tundu la Marehemu Kapambwe

Walipouza uwanja wetu wa mpira hapa Chilenje, walituahidi maktaba. Tukapata kituo cha mafuta. Nilisema wakati ule, nikaambiwa nina mdomo. Kwa hiyo matajiri walipoanza kujenga maduka yao makubwa kwenye kiwanja cha nyuma na kukizungushia ukuta, niliuliza swali moja tu: njia iko wapi?

Njia ya miguu ilikatiza pale tangu enzi za wazazi wetu. Ndiyo iliyomletea wateja Bana Kasuba, mama mwenye genge la mboga upande wa pili. Ukuta ulipofungwa, ikawa lazima kuzunguka hadi barabara kuu. Nani azunguke kote kule kwa fungu la nyanya? Mboga zikaanza kumnyaukia mezani.

"Mwezi ukiisha hivi, nafunga," aliniambia.

Nikapita nyumba kwa nyumba hadi soli ikaisha. Tukakubaliana: siku ya ufunguzi tukae wote mlangoni mwa maduka mpaka meneja wao, Maseko, akubali kuweka geti ukutani.

Siku hiyohiyo jirani yetu mzee Kapambwe akaamua kufa. Alijua kuchagua siku, mzee yule! Watu wote niliowapanga wakahamia msibani, wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto. Na kabla sijamaliza kunung'unika, akatokea Maseko mwenyewe na gari limejaa sembe na kuku.

Yeye Mngoni, sisi Wabemba. Watani: sisi huwaita wala panya, wao hutuita wala nyani.

"Poleni, Wabemba!" akapaza sauti. "Nasikia mwenzenu amekabwa na mfupa wa nyani!"

Msiba mzima ukacheka. Hata mjane alicheka. Nikamvuta Bana Kasuba pembeni.

"Mama, huyu si ndiye aliyekuzibia njia? Amekuja kutununua kwa sembe!"

"Ba Musonda, tulia bwana. Mtani hafukuzwi msibani."

"Kwa hiyo tumeshindwa?"

"Mwaka mzima umepiga kelele, umepata nini? Niachie mimi."

Akaenda, akaketi chini mbele ya Maseko, miguu ameinyoosha.

"Wewe mla panya, umekuja kula au kuzika?"

"Kuzika, mtani wangu."

"Basi jeneza utabeba wewe, tena mbele. Na Kapambwe wetu hazungushwi barabarani kama gunia la mkaa. Gari la maiti likamngoje ng'ambo. Anapita njia yake."

"Njia ipi?"

"Ile uliyoiziba! Kwani panya hajui kutoboa?"

Watu wakaangua kicheko. Mtani akikasirika ameshindwa, na Maseko alilijua hilo. Akacheka kwa meno tu, akapiga simu. Mafundi walewale waliojenga ukuta wakaja na nyundo wakautoboa. Kesho yake jeneza likapita, meneja mbele, suti imelowa jasho.

Nikataka kusema pale pale: sasa aweke geti, tuandikishane! Wakanizomea. "Msibani hakuna siasa!"

Baada ya mazishi Maseko aliona aibu kuliziba tundu. Akaweka mlinzi na amri moja: wapite wafiwa tu.

Basi njoo uone. Wanawake wakifika tunduni hujifunga kitenge kichwani. "Mayo! Mayo wee!" Wanapita wakilia. Wanarudi na kabichi, nyanya na vitunguu, bado wanalia. Mlinzi anawapa pole, kisha anajichagulia nyanya moja. Genge la Bana Kasuba linajaa kuliko zamani.

"Si tumepata njia?" ananiuliza.

"Njia gani ya kuombwa kwa machozi? Ilikuwa yetu!"

"Sawa, baba. Wewe ungetaka nife njaa na haki yangu mkononi."

Pale tunduni sipiti. Kila alasiri nazunguka barabara kuu na jua lote hili, nanunua nyanya zake, nagombana naye, kisha narudi nilikotoka, kwa kuzunguka.