Simenti ya Mapacha

Mtaa wetu wa Kamina umekatwa na mtaro mkubwa. Mvua zikianza, sisi wa upande huu tunakuwa watu wa kisiwa. Ng'ambo kuna shule na kuna maternite, hospitali ya kuzalia. Mtoto wa shule huruka, na akianguka huoga matope na kucheka. Lakini mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa haruki. Hubebwa mgongoni, na mwaka jana jirani yetu mmoja alitumbukia pamoja na mwanamume aliyembeba. Alijifungua salama, Mungu asifiwe, ila mwanamume yule mpaka leo huzunguka mbali asipite pale.

Cathy, mke wa mwanangu, alikuwa na mimba, na mtoto wake tulimtazamia katikati ya mvua. Kwa hiyo niliposikia kwamba bugumestre wetu, Mama Sylvie, mkuu wa komini, amewaita vijana na wafanyabiashara wakae pamoja watengeneze mtaa, nilitega masikio yote mawili.

"Ninyi vijana muko na mikono," Mama Sylvie aliwaambia. "Ninyi ba-Papa muko na depo. Minyi niko na fundi mumoja, mawe, na kelele mingi. Tuanze!"

Vijana wangechagua kazi moja, wafanyabiashara wangetoa vifaa. Wajukuu zangu wawili walikuwa katika kundi hilo. Ni mapacha, mvulana na msichana, wa miaka kumi na mitano. Shuleni wanaitwa Élisha na Émerence, lakini kwetu Waluba pacha anayetangulia huitwa Kyungu, na anayemfuata huitwa Kabange. Ukisikia jina moja, unajua kwamba mwingine yuko karibu.

Vijana wote walitaka daraja. Ugomvi ukawa ni wapi. Kyungu na wenzake wa mpira walilitaka kwenye njia ya shule. Kabange na wasichana walilitaka chini zaidi, mbele ya maternite, pale maji yanapopita kwa nguvu. Wakanyoosha mikono, shule ikashinda. Wavulana walikuwa wengi.

Jioni ile Kabange alikaa mbele ya bukari, ugali wetu, bila kuugusa. Cathy alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, anajipepea tumbo.

"Acha huzuni, mutoto," Cathy alimwambia. "Nitabebwa. Na vile niko muzito, tumuhurumie ule mwenye atanibeba."

Tulicheka wote isipokuwa Kabange. Kyungu, ambaye alikuwa ameshinda, hakuonekana kufurahia ushindi wake. Alimsukumia dada yake kichwa cha samaki. Kabange akakirudisha. Kyungu akakisukuma tena. Kichwa kile kilisafiri kwenye sahani mpaka nikaogopa samaki atafufuka. Mwishoni Kabange alikila, na mimi nikajifanya naangalia moto.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tulijaa katika sali, ukumbi wa parokia, kushuhudia vifaa vikitolewa. Papa Kalonji, mwenye depo ya simenti na mabati, alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Ni mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuita gari lililo mbali. Mama Bolingo, mke wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, mwenye mashine ya kusaga mahindi, aliahidi unga kwa wote watakaofanya kazi. Tukampigia makofi. Kisha Mama Sylvie akaita, "Kijana Élisha, kuya mbele!"

Kyungu akaenda. Papa Kalonji aliinua mfuko wa simenti mwenyewe, akauweka kwenye bega la mtoto, akageukia watu.

"Simenti yote ya daraja, minyi Kalonji, naipa huyu kijana! Mufuko ya kwanza njo hii!"

Makofi, vigelegele, simu zote juu kwa ajili ya picha. Lakini Kyungu hakuondoka. Alisimama na mzigo wake begani, shingo imepinda, akitafuta kitu kati ya viti vyetu.

"Nenda sasa, mutoto," Papa Kalonji alimwambia bila kufungua meno, huku bado akizitabasamia simu.

"Papa," Kyungu alisema, "kwetu ku nyumba beko naniita Kyungu."

Simu zikashuka moja moja. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kabisa: "Kyungu? Basi Kabange iko wapi?"

Hapo kicheko kilianzia kwenye viti vya nyuma kikaja mbele kama maji. Kila mtu wa hapa anajua. Unachompa pacha mmoja, unampa na mwenzake, kilekile, kipimo kilekile, saa ileile. Usipofanya hivyo, yule uliyemsahau atanuna, na pacha akinuna nyumba ya aliyetoa haitalala vizuri. Ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayemnunulia pacha hata biskuti bila kuuliza ziko ngapi.

Papa Kalonji alifuta paji la uso. "Basi bagawane! Nusu kwa nusu!"

"Mapasa haibagawie!" wanawake walipiga kelele kwa pamoja, maana mapacha hawagawiwi kitu kimoja.

"Minyi niko mukatoliki!"

"Na siye bote!" tulimjibu, na kweli tulikuwa chini ya picha ya Bikira Maria.

"Rudisha basi ile mufuko, tuanze upya," alijaribu kumwambia Kyungu, akanyoosha mkono.

"Ee, Papa!" Mama Bolingo aliruka kutoka kwenye kiti. "Kunyanganya mapasa? Hata kwetu Équateur hatufanye vile! Unataka depo yako ipasuke?"

Wakati huo wasichana walikuwa wanamsukuma Kabange. Mjukuu wangu huyu ni mwenye haya. Akitumwa chumvi kwa jirani husimama mlangoni mpaka wamwone wenyewe. Alifika mbele akitazama miguu yake. Akapiga goti, akapiga makofi taratibu kama wasichana wetu wanavyosalimia wakubwa, kisha akanyoosha mikono miwili mbele ya Papa Kalonji.

"Na weye unataka nini, mama?" Papa Kalonji aliuliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Yangu, Papa."

"Yako ya wapi?"

"Ya pa maternite."

Ukuta wa sali ulitaka kuanguka kwa kelele. Mama Sylvie alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakicheza. Alipopata pumzi akasema, "Papa Kalonji, komini haiko na sheria juu ya mapasa. Lakini minyi niko mutoto wa hapa. Kufunga mukutano namna hii, sitaweza."

Papa Kalonji alikuwa anaangalia chini, akifikiri, nami nikashikilia mkono wa Cathy. Kama angetoka nje kwa hasira, tungebaki na daraja moja, na mke wa mwanangu angepanda mgongo wa mtu.

Sasa, kwa ajili ya mapacha sisi tuna ruhusa ya kuimba matusi. Matusi ya kuchekesha, yasiyomwacha mtu na heshima wala na kidonda. Mimi ni nkambo yao, yaani bibi yao, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuanza. Nikaanza. Nilimwimbia Papa Kalonji tumbo lake lenye mimba ya simenti, nikauliza lini litazaa. Wanawake wakapokea. Wakamwimbia viatu vyake, wakamwimbia sauti yake, wakaimba mengine ambayo padri aliyekuwa mlangoni alikwenda kuyasikilizia nje.

Papa Kalonji alianza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia. Alitupa mikono juu, akacheza hatua mbili za watu wa kwao Kasai, tumbo mbele.

"Basi! Basi, mutaniua! Kabange naye atakuwa na daraja yake! Mulete mufuko ingine!"

Vijana walikimbia kwenye gari. Lakini mfuko ulioletwa ulikuwa umechanika pembeni, simenti inamwagika. Wanawake wakapiga kelele: si sawa na ule wa kwanza! Ndipo nilipomwona vizuri mtu huyu. Hakumtuma mfanyakazi. Alikwenda mwenyewe kwenye gari, akapapasa mfuko mmoja baada ya mwingine, akarudi amekumbatia ulio mzima, shati lake jeupe limegeuka la kijivu. Akauweka begani kwa Kabange polepole, akaushikilia mpaka mtoto aliposimama imara.

"Unaweza?" alimwuliza chini chini.

"Naweza, Papa."

Ndipo Kyungu akaondoka, na dada yake kando yake, wakatoka mlangoni pamoja wakisukumana kwa viwiko.

Kazi ilibidi ianze siku moja pande zote mbili, maana wazee hawakukubali daraja moja litangulie lingine. Fundi Banza alikimbia juu na chini ya mtaro na mwiko wake, jasho linamtiririka. "Mapasa batanimaliza!" alilia, na vijana wakamfuata na makarai ya zege wakimwigiza anavyokimbia. Wavulana wa mpira walibeba mawe hadi maternite bila kuombwa. Mama Bolingo alisonga bukari kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Mawingu yalipokusanyika, vijana walifunika zege kwa mabati ya Papa Kalonji, kisha wakakaa juu ya mabati hayo ili upepo usiyachukue.

Mvua zilikuja. Uchungu wa Cathy ulianza asubuhi, mvua ikipiga mabati mpaka tukawa tunasemeshana kwa ishara. Tulitoka. Kabange alimshika kiuno, Kyungu alimshikia mwavuli, yeye mwenyewe akilowa chapachapa. Kwenye mtaro maji mekundu yalikuwa yanapita yakibeba matawi na ndala ya mtu.

Cathy akakanyaga daraja. Katikati akasimama.

"Twende, mama," nilimwambia. "Hapa si pa kuzalia."

"Ngoja kidogo, Mama. Acha niangalie." Aliangalia maji chini ya miguu yake, akapiga zege kwa kisigino.

Ng'ambo, Papa Kalonji alikuwa amesimamisha gari lake, kichwa nje ya dirisha kwenye mvua.

"Inabeba?" alipiga kelele.

"Inabeba, Papa!" Cathy alimjibu kwa sauti kubwa kuliko ya mvua. "Na minyi niko muzito!"

Akacheka, uchungu ukamshika katikati ya kicheko, akamkamata Kabange shingoni, na tukatembea kwa miguu mpaka ndani ya maternite.