Viatu vya Mtani

Habari za kustaafu kwake Agnes alizisikia kwenye spika, kama watu wengine wote waliokuja kutazama mpira. Alikuwa amekaa chini akifunga kamba za njumu, goti la kulia limezungushiwa bandeji, mshereheshaji akapaza sauti kwamba kabla ya mechi "tutamuaga mama yetu, kapteni wetu, ambaye mwenyewe ameamua kupumzika." Agnes akageuka nyuma kumtafuta huyo mama aliyeamua kupumzika. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa choo.

Miaka kumi na saba alikuwa nahodha wa Bondwa Queens. Alipoanza, timu ilikuwa na mpira mmoja na makocha watatu, na kati ya hao watatu hakuna aliyejua kuupiga. Agnes ndiye aliyewabembeleza akina baba waliodai mpira unaharibu kizazi. Ndiye aliyepanda hadi Mgeta kumfuata beki aliyefungiwa ndani na mumewe, akarudi naye. Asubuhi aliuza karoti sokoni, jioni alikimbia. Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata, nacho ni kuitoa timu kwenye ligi ya mkoa. Leo, wakiwafunga wasichana wa Gairo, wanapanda. Sare haitoshi. Na leo ndipo kamati ilipoona ni siku nzuri ya kumpumzisha.

Kamati hiyo nayo! Mvua ikinyesha siku ya mazoezi huwaoni, lakini tandika kitambaa cheupe mezani uone watakavyoota kama uyoga. Walikuwa wamejipanga chini ya turubai, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mgeni rasmi alimuuliza jirani yake, karibu kabisa na kipaza sauti, kama wanawake nao hucheza dakika tisini. Mwenyekiti, Kibwana, alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vyeusi vyenye ncha ndefu za kumtoboa mtu jicho.

Agnes akaitwa mbele. Akapewa doti ya kanga, chupa ya chai, na picha kubwa ndani ya fremu. Picha yenyewe ilikuwa ya Witness, golikipa.

"Dada, mbona huyu ni mimi?" Witness alinong'ona.

"Kaa nayo," Agnes akamjibu. "Angalau mmoja wetu ataagwa vizuri."

Kisha Kibwana akashika kipaza sauti. Ukoo wake na ukoo wa kina Agnes ni watani tangu huko milimani kwa mababu. Wao ndio huzikana, na wao ndio hutukanana msibani watu wakiwa bado wanalia. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako hukasiriki pia, unakikomboa kwa kile atakachotaka. Kibwana hakuwa mtu wa mila. Mara ya mwisho kupanda kwao mlimani hata mama yake alikuwa haikumbuki. Lakini penye wageni wakubwa, mila humjia mtu ghafla.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, msimwonee huruma huyu!" alisema huku akicheka. "Huyu ni mtani wangu. Hii miguu ilikufa zamani, ilikuwa inangoja mtani aje aizike. Basi leo nimekuja na jembe!"

Watu wakacheka. Agnes naye akatoa meno. Kibwana akaona amefaulu, akamvisha kitambaa cha unahodha binti aitwaye Raya, mtoto wa dada yake, aliyejiunga na timu msimu huu. Kwa Waluguru, kabila lao, shamba la ukoo hupitia kwa mama, na mjomba kumtazama mtoto wa dada yake ni jambo la heshima. Ila Kibwana alikuwa ameifananisha timu na shamba, tena shamba ambalo hakuwahi kulilima hata tuta moja. Raya alikuwa anatazama chini.

Agnes alikasirika. Alikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Hakutaka kanga wala chai, alitaka kuicheza mechi hii. Akilia, watasema si mnaona, wanawake. Akipiga kelele, watasema shukrani ya punda ni mateke. Ndipo alipomwona mama yake mkubwa, amekaa na wauza mboga wenzake walioteremka kutoka mlimani, anamtazama kwa mshangao kana kwamba anamuuliza: mtani kakuchokoza, wewe umenyamaza?

Basi Agnes akampigia Kibwana magoti. Meza kuu ikapiga makofi kwa adabu hiyo. Agnes akamshika Mwenyekiti kifundo cha mguu, akamvua kiatu. Kabla hajang'amua, akamvua na cha pili.

"Mtani, mchimba kaburi hachimbi na viatu vya harusi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hivi nimechukua. Ukivitaka, vikomboe."

"Nikomboe kwa kitu gani, mtani?" Kibwana aliuliza. Alikuwa bado anacheka, ila kicheko kilishaanza kukauka.

"Kitambaa changu. Na dakika tisini."

Mama mkubwa akapiga kigelegele. "Komboa!" wakaitikia wauza mboga. "Komboa! Komboa!" Uwanja mzima ukadaka. Kibwana angefanya nini? Utani alikuwa ameufungua mwenyewe, na mtani anayekasirika ni aibu ya ukoo mzima. Alisimama mbele ya wageni wake na soksi, moja imetoboka kwenye kidole gumba, na mgeni rasmi anapiga picha.

"Mpe, mpe," mgeni rasmi akasema. "Mila ni mila."

Raya alikivua kitambaa upesi. "Chukua, dada Agnes. Mimi hata sikuulizwa."

Agnes aliingia uwanjani amevining'iniza viatu vya Mwenyekiti shingoni, akaenda kuviweka nyuma ya goli. Hajawahi kushangiliwa vile.

Mpira ulipoanza, mambo yakawa mengine. Binti mmoja mwembamba wa Gairo alimpita Agnes kama anapita uani kwa jirani, akafunga. Agnes akalaumu nyasi. Kipindi cha pili Raya akasawazisha kwa kichwa, na dakika zikiwa zinakwisha, Raya huyohuyo akaangushwa ndani ya boksi. Penalti.

Raya aliinuka na mpira mkononi. Mazoezini alikuwa hakosi penalti, na Agnes alijua hakosi.

"Dada, nipige?"

Agnes alitazama kule kwenye turubai. Kibwana alikuwa amesimama na soksi zake. Alitamani huyo bwana aone kwa macho yake miguu iliyokufa inavyopiga.

"Lete mpira, mtoto."

Akarudi nyuma, akakimbia, akapiga kwa hasira ya miaka yote kumi na saba. Mpira ulipaa juu ya mwamba, ukaenda kudunda barabarani. Refa akapuliza filimbi ya mwisho. Wasichana wa Bondwa wakakaa chini palepale walipokuwa, na Raya akajifunika uso kwa jezi.

Kibwana akaja akikatiza uwanja kwa soksi. Watu wakanyamaza kumsikiliza, maana sasa haki yote ya kutukana ilikuwa kwake. Agnes alikwenda kuvichukua viatu, akampa, akajipanga. Tusi lolote ambalo angelitoa, alikuwa na jibu lake. Wangetukanana pale mpaka watu wacheke, na kesho ingekuwa hadithi ya kuchekesha sokoni.

Kibwana alivaa viatu polepole. Alipoinuka, hakuwa na kicheko.

"Pole, dada," alisema. "Umejitahidi."

Dada, si mtani tena! Agnes alimkazia macho. "Sema, mtani."

"Niseme nini?"

"Nitukane. Nimekosa penalti, nimewakosesha watoto daraja. Nitukane, Kibwana."

Kibwana alimtazama, akamtazama na Raya pale chini, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, dada yangu. Mungu akutie nguvu." Akampigapiga begani taratibu, kama mtu anayeaga mgonjwa wodini, akaenda zake kumsindikiza mgeni rasmi garini.

Agnes alibaki amesimama, majibu yamemjaa kinywani, na hakuna aliyemuuliza kitu.